Kwenda kwa Koko: viza ya uwanjani Comoro ukiwa na watoto

Ndege ya kutoka Dar es Salaam ikitua Hahaya, abiria wazoefu husimama kabla mlango haujafunguliwa. Wanajua kinachowasubiri. Uwanja wa ndege wa Prince Said Ibrahim, kaskazini mwa mji wa Moroni katika kisiwa cha Ngazija, si mkubwa, na anayewahi dirisha la viza atakuwa ameshapanda teksi wakati wa mwisho bado anajipepea kwa pasipoti.

Mama mmoja wa Dar es Salaam aliyesafiri Julai na watoto wake wawili hakuweza kukimbia. Mkono mmoja ulimshika mtoto wa kiume wa miaka minne, aliyekuwa ameamshwa usingizini na hataki kusikia la mtu. Mkono wa pili ulibeba begi lenye maji, dawa na bahasha ya kaki. Binti yake wa miaka tisa alitembea mbele taratibu, kama alivyofundishwa. Binti huyo ana selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita.

Walikuwa wanakwenda kwa mama wa baba yao. Ngazija bibi huitwa koko, na Koko huyu, mzee asiyesafiri tena kwa sababu ya magoti, hakuwa amewahi kumshika mjukuu hata mmoja kati ya hao wawili. Aliwajua kwenye simu tu. Baba yao alibaki kazini Dar es Salaam akitarajia kuwafuata kabla ya sherehe ya ndoa ya dada yake. Kwa miaka mitatu mama aliahirisha safari hiyo, kila mara kwa sababu ileile: mtoto akishikwa na maumivu ugenini, atakimbilia wapi?

Daktari wa kliniki hakumkataza. Mtoto ambaye hali yake imetulia anaweza kupanda ndege, alimwambia, ila masharti ni matatu: asikaukiwe maji, asipigwe na baridi, na homa yoyote inayofika nyuzi 38.5 ni ya hospitali, si ya kusubiri asubuhi.

Nusu ya viza iko Dar es Salaam

Comoro ni moja ya nchi zinazompa Mtanzania viza akifika. Ada iliyozoeleka ni euro 30 kwa siku 45, inalipwa taslimu, na mwenye busara huuliza tena kabla ya kusafiri kwa sababu ada za viza hubadilika. Wengi wakisikia habari hiyo hudhani kwamba maana yake ni kubeba pasipoti na kwenda. Jina lenyewe linadanganya kidogo. Muhuri unagongwa Hahaya, lakini uamuzi wa kwanza hufanywa na mfanyakazi wa shirika la ndege, kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo, Dar es Salaam.

Sababu yake ni ya kibiashara. Abiria akikataliwa na uhamiaji wa nchi anayokwenda, shirika lililompeleka ndilo linalobebeshwa mzigo wa kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza na faini juu. Kwa hiyo yule kijana wa kaunta hufungua masharti ya nchi husika kwenye kompyuta yake na kumkagua abiria kama vile yeye ndiye ofisa wa uhamiaji. Anataka pasipoti ambayo muda wake haujakaribia kuisha (nchi nyingi hutaka ibaki angalau miezi sita), anataka tiketi ya kurudi, na wakati mwingine anataka kujua utalala wapi. Usipomridhisha, hutaliona hilo dirisha la viza.

Pasipoti ya binti ilikuwa imebakiza miezi saba. Iliponea. Ya mdogo wake ilikuwa mpya kabisa, kwa sababu mtoto, hata anayenyonya, husafiri kwa pasipoti yake mwenyewe. Hilo bado linawashangaza wazazi wanaojitokeza wiki moja kabla ya safari wakiwa na cheti cha kuzaliwa tu.

Kwenye kaunta palizuka swali ambalo mama alilitarajia. Watoto wana jina la ukoo la baba, yeye ana la baba yake. Mfanyakazi aliangalia pasipoti tatu, akamwangalia mama.

“Baba yao yuko wapi, mama?”

Bahasha ya kaki ikafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nakala ya kitambulisho cha baba, na barua ya baba iliyothibitishwa na wakili ikisema anaridhia wanawe wasafiri na mama yao, kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Mfanyakazi aliisoma yote, akairudisha, akagonga lebo za mizigo. Si kila safari barua hiyo itaulizwa. Lakini mzazi anayesafiri peke yake na watoto anaweza kuulizwa na mtu yeyote mwenye sare, na swali hilo lipo kwa sababu watoto huibwa kweli.

Baada ya ukaguzi wa mwisho mama alinunua maji ndani. Chupa kubwa haipiti kwenye mashine, dawa za mtoto hupita ukizieleza. Safari ya angani ni saa moja na ushee, na binti alikunywa chupa nzima na kwenda chooni mara mbili. Jirani yake wa kiti alikunja uso mara ya pili. Mama hakujali.

Kifaransa cha kwenye fomu

Hahaya fomu ya kuingilia imeandikwa Kifaransa, na hapo ndipo foleni hukwama. Mahali palipoandikwa Nom panataka jina la ukoo, na Prénom ni majina yako mengine. Watanzania wengi huandika kinyume, fomu inarudishwa, kalamu hakuna, foleni inasonga. Kalamu mbili kwenye begi ni mali.

Kisha inatakiwa anwani. Mama alijua kwamba nyumba ya Koko iko nyuma ya msikiti, jirani na duka la mafundi cherehani. Namba haina, na mtaa hauna kibao. Kilichomwokoa ni karatasi ambayo wifi yake alimtumia na yeye akaichapisha: jina kamili la mwenyeji, jina la mji, na namba mbili za simu za Comoro. Simu yake mwenyewe ilikuwa imezima mtandao tangu Dar es Salaam. Tiketi ya kurudi, barua ya daktari, anwani, vyote alikuwa navyo kwenye karatasi, kwa sababu karatasi haiishi chaji.

Watu walikuwa wengi. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Wangazija wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, hurudi kwa ajili ya ndoa, na masanduku yao makubwa huwa yamefungwa kwa gundi ya karatasi kama vile yanakwenda vitani. Ukumbi ulikuwa na joto. Binti alikaa juu ya begi, akanywa maji tena, mdogo wake akaanza kulia kwa sauti ya juu. Sauti hiyo ilisaidia. Ofisa mmoja mwanamke alitoka nyuma ya dirisha, akawaita kwa Kiswahili cha kule kwao, kile kinachosikika kama kimepitia Unguja, akawasogeza mbele. Pasipoti tatu, fomu tatu, noti za euro zilizohesabiwa tangu nyumbani. Alipewa risiti. Mhuri ukagongwa.

Kuhusu pesa, jambo moja ni la kushika. Usitegemee mashine ya kutolea fedha uwanjani, wala usitegemee chenji. Beba noti ndogo za euro, safi, zisizochanika, na panga ada kwa kila pasipoti, za watoto zikiwemo. Faranga ya Comoro imefungamanishwa na euro, takriban faranga 492 kwa euro moja, kwa hiyo hesabu za sokoni haziyumbi. Shilingi ya Tanzania uwanjani pale ni kumbukumbu tu.

Mlima wa moto usio na mto

Barabara ya kutoka Hahaya hadi Moroni, kama kilomita 20, inafuata bahari. Upande mmoja ni maji ya buluu, upande mwingine ni mawe meusi ya zamani yaliyotiririka kutoka ardhini yakiwa moto na kuganda. Kisiwa kizima ni kazi ya volkano. Karthala, wenye mita 2,361, bado ni mlima hai, na mji uko miguuni pake. Kuna minazi, migomba, na harufu ya mlangilangi, ua ambalo mafuta yake huuzwa kwa watengeneza manukato wa Ulaya, na ambalo bibi wa pwani ya Tanzania analijua kwa jina hilohilo.

Mji wa kale wa Moroni ungemfanya mtu wa Unguja aone kama amerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma: vichochoro, milango ya kuchongwa, na msikiti mweupe wa Ijumaa kando ya bandari ndogo. Wanawake hupaka usoni msinzano, liwa ya msandali, na kwenda nayo sokoni Volo Volo bila kujali macho ya mgeni.

Lakini mama alikuwa akitafuta kitu kingine. Maji. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mwamba wa volkano ni kama chujio, mvua ikinyesha inazama, na visima vya pwani vingi vina chumvi. Ndiyo maana nyumba nyingi zina tangi la kuvunia mvua. Mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye matangi hayo na watu wengi wakabaki bila maji salama ya kunywa. Kwa mtoto wa kawaida, tangi ni habari ya usafi. Kwa mtoto wa selimundu maji ni dawa: yakipungua mwilini, chembe za damu zilizojikunja hunasa kwenye mishipa myembamba, na maumivu ya mifupa huanza. Wifi alikuwa ameelezwa mapema. Jikoni palikuwa na ndoo mbili za maji yaliyochemshwa, zenye mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kuchota humo kwa kikombe chake.

Jirani walikuwa na sababu yao ya kuelewa. Mwanzoni mwa Februari 2024 Comoro ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, baada ya boti iliyotoka Tanzania kufika ikiwa na wagonjwa na mtu mmoja aliyefia njiani. Zaidi ya watu 10,000 waliugua, wengi wao katika kisiwa cha Nzwani. Mtanzania akihojiwa kuhusu afya yake akifika kule, asinune.

Kitu kingine kwenye bahasha kilikuwa barua ya daktari yenye orodha ya dawa kwa majina ya kitaalamu, kundi la damu la mtoto, na neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa juu kabisa: drépanocytose. Ndilo jina la selimundu kwa Kifaransa. Madaktari wa Comoro wengi wamesoma kwa Kifaransa, na dawa ambayo kliniki zetu huiita haidroksiyurea, wao huijua zaidi kama hydroxycarbamide. Usiku wa manane si wakati wa kutafsiri. Siku ya pili tu mama aliomba aonyeshwe njia ya kwenda El-Maarouf, hospitali kuu ya Moroni. Shemeji walimcheka kwa upole, kwamba watalii huulizia ufukwe kwanza.

Kwezi, shikamoo, marahaba

Watoto walifika kwa Koko wakiwa wamejiandaa. Binti alipiga goti, akasema, “Shikamoo, Koko.” Bibi akacheka, akamvuta kifuani. Kule mdogo humsalimia mkubwa kwa kusema kwezi. Yule mdogo alipokabidhiwa andazi, Koko akamfundisha kusema “marahaba.” Mtoto akagoma. Kwao marahaba husemwa na wakubwa, tena kuitikia shikamoo. Ilichukua siku mbili kumwelewesha kwamba Kingazija hulitumia neno hilo kwa maana ya asante, na hata baada ya hapo alilisema kwa aibu, kama aliyejipandisha cheo.

Nyumba ni ya Koko, wala haikuwa ya marehemu mumewe. Ngazija nyumba hufuata upande wa mama, na binti anapoolewa ndiye anayejengewa, mume anahamia kwake. Mama kutoka Dar es Salaam alikaa jikoni akisikiliza wanawake wakizungumzia vyumba, viwanja na urithi kama wenye mali, na akamwandikia mumewe ujumbe mfupi usio na maelezo: “Kwenu wana akili.”

Ufukweni Itsandra walikwenda wakati jua limepanda vizuri. Julai ni msimu wa upepo wa baridi, na maji baridi huweza kumwamshia mtoto wa selimundu maumivu. Binamu zake walipiga mbizi. Yeye alikaa mchangani, miguu tu ndani ya maji, dakika kumi, kisha taulo na soksi. Alilia kidogo siku ya kwanza. Siku ya pili binamu mmoja wa kike alikuja kukaa naye bila kuambiwa na mtu, wakajenga nyumba ya mchanga yenye tangi la maji.

Dirisha lisilofunguka

Jioni za ndoa wanaume huketi barazani, na mazungumzo hayakawii kufika Mayotte. Visiwa vya Comoro ni vinne. Vitatu vilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, cha nne kilibaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 kimekuwa mkoa kamili wa nchi hiyo. Kutoka Nzwani hadi Mayotte ni kama kilomita 70. Hadi mwaka 1995 watu walivuka kwenda kuoa, kuzika, kutibiwa. Mwaka huo serikali ya Édouard Balladur iliweka viza, na viza hiyo haiuzwi dirishani. Inaombwa kabla, kwa nyaraka ambazo mvuvi au mama lishe wa Nzwani hana.

Wanavuka hivyohivyo, kwa boti ndogo ziitwazo kwassa-kwassa. Wamo wajawazito wanaofuata hospitali na watoto wagonjwa. Ripoti ya maseneta wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya kati ya watu 7,000 na 10,000 waliofia kwenye mlango huo wa bahari tangu viza iwekwe. Mtu akijua hilo, kero za foleni ya Hahaya hupungua uzito. Familia ya Dar es Salaam ilinunua ruhusa ya kumwona bibi kwa noti chache na fomu ya ukurasa mmoja. Nzwani wapo wanaomwona bibi ng'ambo ya maji kwa simu, na mwenye mtoto wa selimundu anayetaka kumpeleka hospitali ya huko huanza kwa kupima upepo.

Kwa wenye uwezo ipo njia nyingine, ya kuelekea kwetu. Wagonjwa kutoka Comoro si wageni Muhimbili wala Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kwenye ndege ya kurudi, kiti cha mbele ya mama na wanawe, alikaa baba mmoja na mtoto mchanga aliyekuwa akipumua kwa haraka, bahasha ya picha za kifua ikiwa magotini. Hawakuzungumza sana. Mama alimpa namba ya mtu anayepangisha vyumba karibu na hospitali.

Kwa wanaopanga kwengine, haraka haraka: Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Mtanzania haombi viza. Maldives hutoa siku 30 bure ukifika, ila kuna tamko la msafiri la kujaza mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya kuruka, na kaunta ya ndege italiulizia. Cheti cha homa ya manjano, kile kijitabu cha njano, kinadumu maisha tangu Julai 2016, lakini sindano huchukua siku 10 kabla ya kutambulika, kwa hiyo kuchanja siku ya safari hakusaidii kitu. Mtoto aliye chini ya miezi tisa kwa kawaida hachanjwi. Ulizia mapema nchi unayokwenda inataka nini kwake.

Malaria nayo ihesabiwe. Comoro ilikuwa imeipunguza sana baada ya kampeni za kugawa dawa kwa wakazi wa visiwa vyote vitatu, lakini miaka ya karibuni wagonjwa wameongezeka tena. Binti alikunywa dawa yake ya kinga kila siku aliyotakiwa, na wote walilala kwenye chandarua walichotoka nacho nyumbani.

Siku ya tisa baada ya kurudi Dar es Salaam, saa nne usiku, kipimajoto kilisoma 38.7. Mama hakumpa dawa ya homa na kumlaza. Alichukua begi lilelile, na kwenye dirisha la mapokezi sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto ana selimundu na ametoka Comoro. Kipimo cha malaria kilisoma hasi. Lilikuwa koo. Alitundikiwa dripu, akachomwa antibayotiki, akalazwa usiku mmoja.

Asubuhi Koko alipiga simu ya video, Kingazija chake kikienda kasi kuliko kawaida, akitaka kujua kama mtoto amekunywa maji. Mdogo aliishika simu karibu na pua, akajibu kwa niaba ya dada yake kwamba amekunywa, na kwamba mzigo wa maandazi umefika.

“Marahaba, Koko,” akasema.